Maji Yanayoua Minyoo

Kazi ya Nyamizi ilikuwa kuchimba minyoo, na asiyetaka kusikia hivyo na azibe masikio mapema. Kila asubuhi, kabla umande haujakauka, alishuka kwenye lambo la Mwankuba na beseni na jembe lililokatika mpini, akachota tope jeusi la pembeni ambamo minyoo myekundu, myembamba kama uzi wa cherehani, iliishi imeshikana mafundomafundo. Aliisuuza, akaitia kwenye chungu kipana chenye tope kidogo na maji kidogo, akaifunika kwa ungo. Jumamosi alipita Nassibu na baiskeli yake kuichukua. Huyu alikuwa mtu wa Shinyanga mjini aliyehamia Segese kuvua kambare, na aliapa kwamba kambare anayekataa chambo cha Nyamizi basi huyo ni mgonjwa, aachwe afe zake kwa amani.

Kwa minyoo hiyo Nyamizi, mjane tangu akiwa na miaka ishirini na mitano, alimsomesha binti yake Apolonia mpaka darasa la saba na akaezeka nyumba yake bati. Wanawake walioshika pua akipita na beseni lake ndio hao hao waliokuja jioni kuazima sufuria. Aliwaazima, lakini hakusahau nani alishika pua na kwa mkono upi.

Minyoo ya chambo ina masharti yake. Haitaki jua, haitaki kusukwasukwa, na kila siku inataka maji mapya. Nyamizi aliita kazi hiyo kuinywesha. Ukiitia maji yanayoifaa, minyoo hujikusanya ikawa fundo moja, mikia ikichezacheza juu. Maji yakiwa na kasoro, hata kama ni sabuni kidogo tu ya mtu aliyefua karibu, fundo hulegea. Alikuwa ameinywesha kwa miaka ishirini, kwa hiyo maji aliyajua vizuri kuliko watu wengi wanaovaa viatu.

Mwaka wa sabini na nne, watu walipokusanywa vijijini, Mwankuba iliyokuwa na nyumba tisa ilijikuta na nyumba mia mbili zimepangwa mistari. Wote walichota maji sehemu mbili. Juu kulikuwa na lambo, chini ya korongo linaloshuka kutoka mlimani. Bondeni kulikuwa na kisima cha zamani, shimo pana lenye kina cha kifua cha mtu mzima, lililozungushiwa magogo. Maji ya kisima yalikuwa na rangi ya chai iliyopauka, na ndani yake vilichezacheza vidudu vya kila namna. Watu waliyachuja kwa kitambaa, wakayachemsha wakikumbuka, wakaishi.

Aliyevisumbua vidudu hivyo ni Athanas, bwana afya, kijana mpole mwenye suruali iliyonyooshwa pasi na sahani moja nyeupe ya bati. Kila mwezi alikikusanya kikundi cha afya mbele ya redio, na kipindi kikiisha alimimina maji kwenye ile sahani, akawaambia watu wainame na kutazama. Kinachocheza ndani ya maji ni uchafu, aliwafundisha, na maji yasiyo na kinachocheza ndiyo maji salama. Alifundisha hivyo kwa moyo wake wote, kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa hivyo. Mwankuba ilishika mkia katika mashindano ya usafi ya kata mara mbili mfululizo. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Maige, alikonda kwa aibu, na kwa mtu wa kitambi chake hilo lilionekana mbali.

Mvua zilizofuata aibu hiyo ya pili ziligeuza mambo. Mlimani, kwenye mgodi wa zamani uliofungwa miaka tisa nyuma, kampuni moja ilikuwa imeanza kuchenjua upya malundo ya mchanga yaliyoachwa pale. Mchanga huo, ambao wachimbaji huuita marudio, waliuchanganya na kemikali kwenye matangi ili dhahabu iliyobaki itoke, na maji waliyomaliza nayo kazi waliyaachia korongoni. Korongo liliyaleta lamboni. Baada ya wiki tatu lambo liling'aa. Viluwiluwi havikuonekana, ruba waliokuwa wakiwanyonya ng'ombe midomoni walikwisha, na vyura walinyamaza. Athanas alimimina maji ya lambo kwenye sahani nyeupe mara tatu, kwa miezi mitatu, na mara zote tatu hakikucheza kitu.

Maige nusura acheze ngoma. Taarifa ilipelekwa wilayani kwamba Mwankuba imetokomeza uchafu wa maji, na jibu likaja kwamba kijiji kitapewa bendera ya usafi. Kampuni ya mlimani nayo ikaahidi mifuko ya saruji kwa ajili ya ngazi za kuteremkia lamboni. Ikabaki aibu moja tu, kile kisima cha bondeni chenye vidudu. Halmashauri ya kijiji ikapitisha kwamba siku ya sherehe ofisa kutoka wilayani atatupa koleo la kwanza la udongo, na kisima kifukiwe mbele ya watu wote.

Nyamizi wakati huo alikuwa na hasira za kazi tu. Minyoo ilikuwa imekwisha kwenye tope la lambo, ikambidi aende kuichimba kwenye majimaji ya chini ya kisima, mbali kidogo na kwake. Asubuhi moja goti lilimuuma, akaona uvivu kuteremka bondeni kwa ajili ya maji ya kuinywesha. Akachota ya lamboni, yaliyokuwa karibu, akayatia kwenye chungu na kwenda kupalilia mihogo.

Aliporudi jua lilikuwa limefika kizingitini. Fundo lilikuwa limefumuka. Minyoo ilitanda chungu kizima, kila mmoja peke yake, umetoa ute mweupe mwilini. Aliuinua mmoja kwa kidole, ukakatika mkia wenyewe bila kuvutwa. Katika miaka ishirini alikwisha kuona minyoo iliyokufa kwa joto, kwa njaa na kwa kusahauliwa, lakini minyoo inayodondosha mikia yake hakuwa ameiona. Akamwaga chungu chote, akatukana lambo kwa Kisukuma, na Jumamosi Nassibu akarudi Segese mikono mitupu.

Kesho yake alichukua mabakuli mawili. Moja alitia maji ya kisima, jingine ya lambo, na kila moja akalitia fundo la minyoo mizima. Alifanya hivyo siku tatu. Siku zote tatu minyoo ya kisima ilijikunja ikastarehe, na ile ya lambo ikaachana na kufa. Basi akajitanda khanga yake nzuri na kwenda kumwambia bwana afya, na njiani akamwambia kila aliyemsalimia, kwamba maji ya lambo yanaua minyoo.

Athanas alimsikiliza kwa adabu. Akamwamkia tena, akampa kigoda, kisha akamjibu kwamba hilo ndilo alilokuwa akilisema tangu mwanzo: maji yanayoua minyoo ni maji yaliyo safi kabisa, na mama asikitike, maana kijiji kimepona hata kama biashara yake imeanguka. Nyamizi alirudi akiwa na jibu kooni ambalo hakulipata mpaka alipofika kwake, na hapo hakukuwa na wa kumpa.

Lakini balaa lenyewe halikuwa kwa Athanas. Lilikuwa kwa wale aliowasalimia njiani. Mwankuba kila mtoto wa pili alikuwa na tumbo la minyoo, na dawa ya hospitali ilihitaji safari ya siku nzima na foleni ndefu. Sasa amesema Nyamizi, tena Nyamizi anayeijua minyoo kuliko wote, kwamba maji ya lambo yanaua minyoo. Kama yanaiua ya kwenye chungu, watu walifikiri, kwa nini yasiiue ya tumboni? Kufika mwisho wa wiki akina mama walipanga mstari lamboni na vikombe. Wengine walikuja kutoka vijiji vya jirani na madebe. Waliwanywesha watoto asubuhi kabla ya uji, na watoto walipotapika wakafurahi, wakasema inatoka.

Nyamizi aliwapita akiwa na beseni lake, na mmoja wa wale walioshika pua siku zote akamshukuru. Alisimama pale pale akawaambia waache, kwamba alichosema yeye sicho walichosikia wao, kwamba maji yale ni mabaya. Wakamwuliza kwa upole yakiwa mabaya mbona yanaua minyoo. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoyapigia debe.

Usiku ule hakula. Siku iliyofuata alikwenda kwa binti yake. Apolonia alikuwa ameolewa na Maduhu, mwana wa kwanza wa mwenyekiti Maige, na alikuwa na mimba ya miezi saba. Nyamizi alimkuta amekaa kivulini anakunywa maji ya lambo kwenye kikombe cha bati. Alikunywa viwili kila asubuhi, akamwambia mama yake akitabasamu, ili mtoto azaliwe hana hata mnyoo mmoja. Nyamizi alimpokonya kikombe akakitupa uani, kikavingirika mpaka miguuni pa kuku. Mama mkwe wa Apolonia akatoka ndani kuona kuna nini. Ilibidi Nyamizi acheke, aseme mkono umeteleza, kwa sababu binti yako akiwa kwa watu hupigi kelele kwenye ua wa watu. Apolonia alimnong'oneza kwamba hapo nyumbani hakuna maji mengine, baba mkwe ana miezi miwili sasa tangu akataze ya kisima yasiingie kwake.

Alijaribu kwa Maige mwenyewe. Alikwenda rasmi, akakaa chini kama inavyompasa mtu kwa mkwe wake, akaongea akitazama mkeka. Aliomba jambo moja, kisima kisifukiwe. Waliopenda lambo na wanywe lambo, ila kisima kiachwe, ili siku watu watakapofumbuka macho wawe na pa kurudia. Maige alimjibu kwa heshima ya ukwe, kisha akamchoma kwa heshima hiyo hiyo. Alisema anaelewa uchungu wa mtu aliyepoteza riziki, na kama mkwe wake angependa kupewa kazi ya kufagia ofisi ya kijiji, nafasi ipo. Nyamizi aliaga. Alikuwa ameumia zaidi kwa sababu palikuwa na ukweli kidogo. Ni kweli alianza kwa uchungu wa minyoo yake. Lakini mtu akipiga kelele za moto kwa sababu ni nyumba yake inayoungua, moto hauwi uongo kwa sababu hiyo.

Siku ya sherehe ilikuwa Jumatano. Viti vililetwa kutoka shuleni, vikapangwa karibu na kisima, na turubai likafungwa juu. Ofisa wa wilayani alifika na Landrova, ameandamana na mhandisi mmoja wa kampuni ya mlimani. Bendera ya usafi ilikuwa imekunjwa kwenye kiti chake yenyewe. Pembeni ya kisima palikuwa na lundo la udongo mwekundu na makoleo mapya, na vijana wa mgambo walisimama wamekaza mikanda. Apolonia na wanawake wengine walikuwa wamewekwa mstari wa mbele na madebe ya maji ya lambo, ili mgeni aoneshwe.

Maige alikuwa katikati ya hotuba yake, amefika kwenye sehemu ya jinsi yeye alivyoanza kufikiria usafi tangu akiwa mdogo, wakati Nyamizi alipotoka upande wa mihogo. Hakuwa na bango wala bakuli. Alipita mbele ya viti, akamwamkia ofisa kwa kupiga goti, akakaa kwenye gogo la kisima, akageuka, na akateremka ndani. Maji yalimfika kifuani. Khanga ilielea ikamzunguka. Akakunja mikono juu ya gogo, akatulia kama mtu aliyefika dirishani kwake.

Kwanza watu walidhani ameanguka. Walipoona hajaanguka walicheka. Maige alikohoa, akasema mkwe wake hajisikii vizuri, atolewe taratibu. Akawaashiria mgambo.

Hapo ndipo mwenyekiti alipoonja matunda ya upendeleo wake. Mgambo wa Mwankuba walikuwa saba, na wote saba walikuwa wanawe, maana kila cheo kilipotokea alimkumbuka mtoto. Kiongozi wao alikuwa Maduhu. Na kwa desturi za kwao mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Akimwona njiani anaiacha njia. Hamshiki, hali naye, hamtazami usoni, na kumwona akiwa na nguo zilizoloa ni jambo ambalo hata kulitubu hujui uanzie wapi. Ndugu za mume nao wamo humo humo. Maduhu alipiga hatua mbili, akauona mkono wa Nyamizi juu ya gogo, akageuka akawapa kisima mgongo. Wale sita wakageuka pamoja naye. Mgambo wote wa kijiji walisimama wakitazama mihogo.

"Maduhu," baba yake alimwita.

"Baba, huyo ni mayu, mama yangu wa ukwe," Maduhu alisema, bado ametazama mihogo. "Nitume kwa simba, nitakwenda."

Watu walicheka tena, lakini safari hii hawakumcheka Nyamizi. Ofisa alitazama saa. Mhandisi wa kampuni akamnong'oneza kitu. Maige mwenyewe asingeweza kumgusa mkwe wake, na waliobaki walikuwa wazee, wanawake, na bwana afya. Akamgeukia Athanas, ambaye kwao ni mbali na hakuoa hapo wala hana ndugu aliyeolewa hapo.

Athanas alikwenda akachuchumaa ukingoni, suruali yake iliyonyooshwa ikashika tope magotini. Alizungumza kwa sauti ya chini, akamwomba mama atoke, watayamaliza nje.

"Tuyamalize hapa," Nyamizi alisema, na yeye hakushusha sauti. "Nikitoka mtafukia."

Athanas alimweleza tena alichomweleza siku ile, kwamba maji ya kisima yana wadudu na ya lambo yanawaua. Nyamizi alimwacha amalize. Wiki nzima alikuwa amelala na jibu lile lililomkwama kooni siku ile, na wiki nzima ni muda wa kutosha kwa jibu kukomaa.

"Bwana afya, mtoto wa miaka minne akiwa na minyoo, unampa vijiko vingapi vya dawa?"

Athanas hakutegemea swali hilo. Lakini alikuwa mtu wa kazi yake, na swali la kazi hulijibu hata akiwa usingizini. "Kimoja," alisema.

"Na mtu mzima?"

"Inategemea uzito wake. Lazima apimwe."

"Na mjamzito?"

Waliokuwa nyuma walinyanyuka kwenye viti ili wasikie.

"Mjamzito hatumpi," alisema. "Mpaka ajifungue."

"Kwa nini?"

"Dawa inayoua haichagui sana cha kuua, mama."

"Sasa hii ya lamboni," Nyamizi alisema. "Umesema ni dawa. Wanakunywa watoto wa miaka minne. Wanapikia ugali, wanaogea, wanakunywa na wajawazito, vikombe viwili kila asubuhi, na debe zima ukitaka. Nani ameipima? Nani ameitia humo? Mimi ninajua kijiko chake, nimeona: kikombe kimoja kwenye chungu, na jua halijafika kizingitini minyoo yangu inadondosha mikia. Wewe umepima nini?"

Athanas alitazama chini. Wengi baadaye walisema alikuwa akimtazama Nyamizi, lakini Nyamizi ndiye aliyekuwa karibu, na yeye aliona macho yake yamekwenda kwenye vidudu vidogo vilivyokuwa vikichezacheza kwenye maji, kuuzunguka mkono wake, kwa raha zao.

"Ukisikia mtu anakunywa dawa hivyo," Nyamizi alisema, "bila kupimiwa, utafanya nini?"

"Ningemkataza."

"Basi kataza."

Nyamizi aliona jasho linamtoka kijana yule juu ya mdomo, akamwonea huruma, kwa sababu alijua anachomwomba. Alikuwa anamwomba asimame mbele ya wakubwa wake na aseme kwamba miaka miwili ya mafunzo yake, na ile sahani, na bendera ile pale kwenye kiti, vilikuwa kosa. Watu wengi wangechagua kumwita mwanamke kichaa, mambo yakaisha kabla ya chakula cha mchana.

Athanas alisimama. Hakuyafuta magoti yake. Aliwaambia watu kwamba kuanzia saa ile mtu asinywe maji ya lambo, asipikie, asimpe mtoto, mpaka yapelekwe mjini yapimwe yana nini. Maige alimkumbusha kwa ukali kwamba yalikwisha kupimwa, tena na yeye mwenyewe, mara tatu.

"Nilipima kwa sahani, mzee," Athanas alisema. "Sahani inaonyesha kilicho hai. Kilichokiua haikionyeshi."

Kulitokea zogo. Mhandisi alisimama na kusema kwamba shughuli za kampuni zinafuata utaratibu wote, na kwamba maji yanapofika lamboni yamekwisha kuchujwa na mchanga. Mwanamke mmoja akamwuliza kama ni hivyo mbona vyura wamehama. Mhandisi akaketi. Ofisa alitamka maneno kadhaa kuhusu nidhamu na uchochezi, akasema taarifa itaandikwa, akaichukua bendera yake kwenye kiti na kupanda Landrova. Makoleo yalibaki yamechomekwa kwenye lundo la udongo. Maige alikaa peke yake chini ya turubai, hotuba bado mkononi, akamwambia Nyamizi kwa mbali, bila kumtazama, kwamba halmashauri itakaa na kuamua kama anastahili kuendelea kuishi kijijini.

"Ikae," Nyamizi alisema. "Mimi nilikuwepo hapa nyumba zikiwa tisa."

Athanas alimpa mkono akamvuta kutoka kisimani. Alitoka akiwa ametapakaa tope kutoka kifuani mpaka vidoleni, anatetemeka kwa baridi, na kwa mara ya kwanza siku ile alijiona mwepesi. Kisima kilikuwa kimepona. Wanawake walikuwa wameanza kumwaga madebe yao, mmoja baada ya mwingine, na maji ya lambo yalikimbia katikati ya miguu ya viti.

Apolonia hakuwa amemwaga. Alikuja mpaka aliposimama mama yake, akatua debe, akakaa juu ya gogo taratibu, kama wanavyokaa wenye mimba kubwa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama," alisema. "Mimi nimeyanywa miezi miwili."

Nyamizi alimsogelea.

"Mjamzito hapewi, amesema bwana afya. Mimi nimekunywa kila siku. Huyu je?" Aliweka mkono juu ya tumbo. "Huyu atakuwaje?"

Siku ile Nyamizi alikuwa amemjibu mwenyekiti, akamjibu bwana afya, na angemjibu na ofisa kama angengoja. Kwa hili hakuwa na neno. Alijua namna mama anavyopaswa kusema: hatakuwa na neno, mwanangu, Mungu yupo, lala. Alimtazama binti yake, akakumbuka kwamba ni maneno yake mwenyewe, aliyoyatupa njiani akiwa na hasira za chambo, yaliyomwongezea vile vikombe viwili vya kila asubuhi. Hakuona haki ya kumwongezea uongo.

"Sijui," alisema. "Sijui, mwanangu. Nisamehe. Na huyu bwana afya hajui, na baba mkwe wako ndiyo kabisa." Akatazama mlimani. "Lakini wapo wanaojua walichotia."

Aliinama akalishika lile debe la Apolonia, lililokuwa bado limejaa maji ya lambo, akajitwika. Athanas aliuliza anakwenda wapi. Alisema anakwenda mlimani, na kama yeye ni bwana afya kweli, achukue kalamu amfuate, kwa sababu watakachosema huko kinatakiwa kuandikwa na mtu anayejua kuandika majina ya sumu. Mwanamke mmoja alimkimbilia na khanga kavu, akamsihi angalau abadili nguo kwanza, hawezi kwenda kwa wakubwa wa kampuni akiwa na tope hivyo.

"Waache wanione hivi hivi," Nyamizi alisema.

Akapanda korongo. Apolonia alifuata nyuma yake, mkono kiunoni, na Athanas baada yake akitafuta kalamu mfukoni, kisha wanawake wawili, kisha wengine. Maduhu aliyaacha yale mashamba ya mihogo, akaja nyuma kabisa, mbali kama desturi inavyotaka, lakini alikuja. Debe lilikuwa likichezacheza na maji yakimrukia Nyamizi usoni, kwa hiyo alifumba mdomo akaubana, akapanda hivyo njia nzima, na hakuufumbua mpaka alipofika getini, akalitua debe mbele ya mlinzi na kumwambia amwite mkubwa wao atoke.